Gugu karoti kwenye machimbo na yadi: ung'oe, upulize, ufyeke au upande?

Ukitaka kujua kama chimbo lina gugu karoti, usianze kwenye shimo. Nenda kwenye rundo la udongo wa juu, ule uliokwanguliwa siku ya kwanza ukawekwa pembeni kusubiri kazi ya kufukia. Mara nyingi utalikuta limefunikwa na vijiua vyeupe, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti, juu ya majani yaliyochanwachanwa kama ya karoti. Watu wengi wakiliona hivyo wanafurahi: rundo limeota, vumbi limetulia. Kumbe rundo hilo ndilo litakalotandazwa juu ya shimo lote siku ya kufunga kazi, na kila koleo linabeba mbegu.

Nimesimamia ardhi ya namna hiyo kwa miaka kadhaa kaskazini mwa Tanzania: mashimo ya moramu (udongo wa kokoto wa kujengea barabara), yadi za mitambo, kingo za barabara za malori. Swali ninaloulizwa na wasimamizi wenzangu ni lilelile kila msimu: tutumie vibarua, tununue dawa, au tuingize greda tumalize? Nitalinganisha njia hizo, na ile ambayo wengi hawaihesabu kuwa njia, yaani kupanda. Naanza na gugu karoti kwa sababu ndilo linalotusumbua zaidi. Mathenge, mti wa miiba, na lantana, kichaka vamizi, zina tabia tofauti, nitazigusa baadaye.

Kwanza umjue adui. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus kwa jina la kisayansi, asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010, na mwaka huohuo Kenya ikalitangaza kuwa gugu haribifu. Mche ukipata mvua unaweza kutoa maua ndani ya mwezi mmoja hivi, na mmea mmoja uliokomaa huzaa mbegu zaidi ya 15,000. Hizo mbegu hazina haja ya upepo mkali wala ndege. Zinapanda tope la tairi, zinajificha kwenye mchanga na kokoto, zinashuka mahali lori linapomwaga mzigo. Ndiyo maana ramani ya gugu hili hufuata barabara mpya, na ndiyo maana sisi tunaochimba na kusafirisha tuna deni kwa wakulima na wafugaji ambao hawajawahi hata kuliona chimbo letu.

Jambo jingine: halipendi ushindani. Kwenye nyasi nzito zilizofunga ardhi halina nguvu. Kwenye ardhi iliyokwanguliwa, isiyo na mmea mwingine, ni mfalme. Ulinganisho wote unaofuata unasimama juu ya hilo.

Mkono na bomba

Kung'oa kwa mkono ni njia ya zamani, na kwa eneo dogo sijaona inayoishinda. Mmea ukiwa bado mchanga, majani yamelala chini yamejipanga duara, kabla shina halijanyanyuka, unatoka wote na mzizi wake mradi ardhi ina unyevu. Siku ya pili au ya tatu baada ya mvua ndiyo siku ya kazi. Ukisubiri ardhi ikauke, hasa kwenye moramu iliyoshindiliwa na magurudumu, shina linakatikia juu, shingo ya mzizi inabaki chini, na baada ya wiki chache unakuta matawi manne pale palipokuwa na moja.

Faida kubwa ya mkono ni kwamba unachagua. Nyasi inayojitokeza yenyewe unaiacha, ukoka unaotambaa unauacha, unaondoa adui peke yake. Hakuna dawa inayoweza kufanya hivyo kwa usahihi wa kidole cha mtu anayejua anachokitazama.

Gharama yake iko kwenye ngozi. Msimu wa kwanza niliosimamia, tulichukua vibarua kumi na kuwapa majembe na maneno ya kutia moyo. Glovu zilikuwa jozi tatu. Wiki ya pili mama mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, alinifuata chini ya mti. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyoosha mikono yote miwili bila kusema neno. Kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko ngozi ilikuwa nyekundu, imekakamaa, imepasuka kwenye mikunjo. Kope zake zilikuwa zimevimba. "Mwanangu," akasema, "hili jani linaniwasha hata nikiwa nimelala." Kosa lilikuwa langu, si lake. Gugu karoti lina kemikali iitwayo pathenini, na mwili wa mtu ukishaikataa mara moja, utaendelea kuikataa kila ikimgusa. Wengine hupata mafua yasiyokwisha na pumu. Tangu siku ile sipangi kazi ya kung'oa kabla glovu, mikono mirefu, gambuti na barakoa havijatosha kwa kila mtu, na anayeonyesha dalili anahamishiwa kazi nyingine kabisa, malipo yakiwa yaleyale. Kama bajeti yako haifiki hapo, usichague mkono.

Bomba la mgongoni linafika pale mkono unapochoka. Ekari tano za kingo za barabara, watu wawili wanamaliza kwa siku chache. Lakini ukiniambia "tutapuliza dawa" sijui bado utafanya nini, maana dawa zinatofautiana kuliko mkono unavyotofautiana na greda.

Glaifoseti ndiyo watu huinunua kwanza. Inaua karibu kila kilicho kijani, na hapo ndipo tatizo linapoanza kwenye ardhi yetu. Imeua gugu, imeua na nyasi iliyokuwa imeanza kufunga ardhi, na chini kuna mbegu maelfu zinazosubiri mwanga. Nimewahi kupuliza mwezi wa nne, eneo likageuka kahawia safi, nikapiga picha na kuituma ofisini. Mvua iliyofuata ikaleta zulia la miche, limeshonana kuliko mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimeiondolea washindani wote. Kuna kingine ambacho muuzaji hakuambii: glaifoseti hushikana na udongo ikapoteza nguvu. Majani yaliyopakwa vumbi la kokoto, au maji ya kuchanganyia yaliyochotwa kwenye bwawa lenye tope, yanaimaliza dawa kabla haijaingia kwenye mmea. Kwenye chimbo, vumbi ndiyo hali ya kila siku. Watu hurudia, wanaongeza kipimo, wanalaumu kiwanda, kumbe jani lilihitaji kunyeshewa na mvua kwanza.

2,4-D ina tabia tofauti: inaua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Kwa gugu karoti mahali ambapo nyasi imeshashika, hii inafaa zaidi kuliko glaifoseti, na inashangaza ni wangapi hawajui tofauti hiyo. Lakini jirani akiwa na maharage, nyanya, pamba au kahawa, upepo mdogo tu unatosha kumharibia shamba. Asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, tundu la bomba likiwa chini karibu na mmea. Nje ya hapo ni bora kutopuliza. Parakwati siipendekezi kwa mtu yeyote: inachoma majani ya juu tu, na mtu akiimeza hakuna dawa ya kuizima.

Kuhusu afya, mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, huku mamlaka za viuatilifu za nchi nyingi zikiendelea kuiruhusu. Mimi naitumia kwa nadra, na mpulizaji wangu havai kaptula. Kabla ya kununua, hakikisha dawa imesajiliwa kwa matumizi hayo. Kwa Tanzania waulize Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake ni Arusha.

Kwa hiyo ukiniwekea mkono na bomba mezani: eneo chini ya ekari moja, au penye nyasi inayorudi, mkono. Ukanda mrefu wa kando ya barabara, kabla ya maua, nyasi zikiwepo, 2,4-D kwa tahadhari. Mahali pasipotakiwa kuota chochote, kama chini ya matangi ya mafuta au kandokando ya kituo cha umeme, glaifoseti ina kazi. Maua yakishatoka, bomba limechelewa: mmea unaokufa polepole bado unaweza kukomaza mbegu. Hapo ni kung'oa, kutia kwenye magunia, na kufukia kwa kina mahali ambapo hakuna atakayechimba tena.

Fyekeo, moto, greda

Hizi zinafanana kwa kitu kimoja: zinapendeza siku ileile.

Kufyeka kunaliacha shina, na gugu karoti likikatwa juu linachipua kutoka chini na kutoa maua likiwa fupi, chini ya usawa wa fyekeo lako la mara ijayo. Kufyeka penye maua ni kupanda kwa msaada wa mashine. Moto unachoma nyasi za kushindana nalo, na mbegu zilizo chini ya udongo haziguswi. Greda na kijiko (mtambo wa kuchimba) hugeuza udongo, na hapa kuna jambo la kuangalia sana: mbegu iliyobaki juu hufa mapema, ila iliyofukiwa sentimita chache hukaa hai kwa miaka. Kila mara greda inapopita inafukia mbegu za leo na kuzifukua za zamani. Barabara ya chimbo inayochongwa kila mwezi ni kitalu.

Mbuzi je? Watu huuliza. Mifugo hulikwepa, na ikilazimika kulila, maziwa yanakuwa machungu na mnyama anaugua. Usiwakaribishe wafugaji wa jirani kwa nia njema ukidhani unawapa malisho.

Mbawakawa wa Meksiko

Yupo mbawakawa mdogo, mgongo wake una mistari ya kahawia na njano hafifu, aitwaye Zygogramma bicolorata. Anakula majani ya gugu karoti. Australia walimwachia mwaka 1980, India mwaka 1984, Afrika Kusini mwaka 2013, na Ethiopia nao wamefuata. Kwa mbuga, malisho na ukingo wa mto ambao hakuna atakayelipia vibarua miaka yote, hii ndiyo njia yenye matumaini ya muda mrefu.

Kwa yadi na chimbo linalofanya kazi, sivyo. Mdudu huyu hushuka ardhini kujigeuza na kupitisha kiangazi. Ardhi inayoshindiliwa na magurudumu au kukwanguliwa kila mara inammaliza akiwa amelala. Isitoshe hakuna ruhusa ya mtu binafsi kuleta wadudu. Kazi hiyo ni ya serikali na watafiti, baada ya majaribio marefu. Sababu ya ukali huo tunaijua hapahapa kwetu: mdudu wa lantana aliyeletwa Uganda alikutwa miaka ya 1960 akishambulia ufuta. Kama eneo lako lilishafungwa na watafiti wanatafuta mahali pa kuachia wadudu, wakaribishe. Usiwasubiri.

Kupanda, njia isiyohesabiwa

Njia zote za juu zinaondoa. Ni hii tu inayoweka kitu mahali palipoachwa wazi, na kwa sababu hiyo naiona ndiyo shina, nyingine ni matawi.

Mfano mkubwa kabisa kwetu uko Bamburi, Mombasa. Machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji yaliacha mwamba wa matumbawe uliochomwa na jua, maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kujaribu miti pale. Miti mingi ilikufa, mvinje ulishika. Sindano zake zikaanguka na kurundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo, wale wekundu wa miguu, wakazila na kuzigeuza udongo. Leo ukitembea chini ya ile miti unakanyaga mboji, na mwanga unafika chini kidogo tu. Gugu la jua kali litaanzia wapi hapo?

Lakini machimbo hayohayo yana fundisho la pili. Mathenge, ule mti wa miiba unaoitwa Prosopis juliflora, kumbukumbu ya kwanza ya kuletwa kwake Kenya ni ya mwaka 1973, na ulikuja kwa ajili ya kuotesha machimbo hayo ya Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo kuzuia jangwa na kutoa kuni. Kilichofuata kinajulikana: mti ulifunga malisho ya Wailchamus, wenyeji wa Baringo, maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, na wananchi wakaishtaki serikali, mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka 2008 Kenya ikautangaza kuwa gugu haribifu. Kwa hiyo mtu akikushauri upande "mti unaokua haraka mahali popote," muulize kitu kimoja: nani atauzuia?

Kwa mashimo ya bara, mimi naanza na nyasi za kwetu. Cenchrus ciliaris, yenye shuke la manyoya laini, ni ya ukanda wetu, inavumilia ukame na imeonekana kwenye majaribio kulibana gugu karoti vizuri. (Australia, ambako ilipelekwa kwa malisho, imekuwa yenyewe gugu kwenye mbuga zao, nyasi ileile, mahali tofauti.) Nyasi ya Rhodes nayo inafunga haraka penye mvua ya kutosha. Fiwi inatambaa na kutupa kivuli ndani ya msimu mmoja, na inarutubisha udongo maskini.

Namna ya kupanda ndiyo inayoamua. Sakafu ya shimo la moramu ni ngumu kama barabara. Ukimwaga udongo juu yake bila kuivunja, mvua ya kwanza inauteremsha wote mtaroni. Vunja kwanza kwa meno ya buldoza, mistari ikikingama mteremko. Kisha rudi kwenye lile rundo nililoanza nalo. Kama lilikuwa na gugu, usilitandaze kavu moja kwa moja. Acha mvua za kwanza ziioteshe mbegu iliyo juu, uiondoe kwa mkono au kwa dawa kabla ya maua, uirudie mara nyingine, halafu ndipo utandaze na kumwaga mbegu ya nyasi siku hiyohiyo. Msimu mmoja unapotea. Usipoupoteza, utalipa vibarua misimu mitano, nami nimelipa.

Rundo jipya ambalo bado ni safi lipandie nyasi wiki ileile lilipowekwa. Hii ni kazi ya nusu siku na gunia la mbegu, na sijaona pesa inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo kwenye chimbo zima.

Mathenge na lantana hazifuati kanuni hii

Hizi ni za miti na vichaka, na mkono peke yake hauziwezi. Mathenge ukikatwa juu ya ardhi unachipua machipukizi mengi kuliko uliyokata. Ama uchimbe chini ya shingo ya mzizi, sentimita 30 hivi au zaidi, uitoe yote. Ama ukate na kupaka dawa ya vichaka kwenye kisiki palepale, kabla jeraha halijakauka. Kijiko kinafaa hapa kuliko kwenye gugu karoti, kwa sababu kinang'oa shina zima, mradi upande nyuma yake. Baringo wamejaribu kuutumia kwa mkaa na nguzo. Kwa chimbo kuuruhusu uzae ili upate mkaa sioni kama ni hesabu nzuri. Samadi ya kununua nayo ichunguze, kwa kuwa mbegu za mathenge zinapita salama tumboni mwa mifugo.

Lantana unaichimba shina na shingo, unaligeuza juu likauke, unarudi baada ya miezi mitatu kwa miche iliyoletwa na ndege. Jino la jembe ni zuri kuliko panga.

Ningechagua nini, na wapi

Yadi ya mitambo na maegesho: mkono, kila baada ya mvua, na kokoto safi juu. Na mahali pa kuoshea magari. Queensland, Australia, gugu karoti liliingia ndani ya mbegu za nyasi kutoka Marekani, na leo kwenye ukanda wa migodi ya makaa ya mawe gari na mtambo huoshwa na kukaguliwa kabla ya kuhamishwa, na karatasi ya usafi huambatana nao. Sisi tunahamisha greda kutoka Arusha hadi mkoa mwingine na tope lake lote. Pampu ya maji, sakafu ya zege na shimo la kunasa tope ni vitu ambavyo kila yadi inaweza kuwa navyo.

Kingo za barabara ya malori: 2,4-D mara moja penye nyasi, kisha mkono kwa yaliyobaki. Punguza kuchonga kingo. Chonga njia, waachie nyasi ukingo.

Rundo la udongo: pandia mapema. Likishashikwa, otesha na uondoe mara mbili.

Shimo lililofungwa: vunja sakafu, tandaza, panda, na uweke mtu wa kulipitia misimu mitatu. Mkataba unaosema "kurudisha mandhari" bila kumtaja mtu huyo na mshahara wake haujamaliza kuandikwa.

Kama una fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, hiki ndicho ningefanya. Mvua ya kwanza ya vuli ikishanyesha, hesabu siku kumi na nne. Asubuhi hiyo tembea kwa miguu mzunguko mzima wa eneo, lango hadi lango, na watu wanne wenye glovu. Miche itakuwa midogo kama sahani ya chai, imelala chini, haijanyanyua shina hata moja. Ng'oeni kila mnaouona, mkianza langoni ambako malori huingilia.